Mboga za Nyuma ya Nyumba ya Mama Mdogo

Enzi zetu msichana alitambulika kwa kucha zake. Mgeni akifika nyumbani alikushika mkono kwa salamu, akautazama, na akiona udongo mwekundu umelala chini ya kucha alijua huyu ni mtoto aliyelelewa. Leo wajukuu wangu hurudi kutoka Kisii mjini na kucha ndefu za zambarau, nami huwauliza kwa upole, hizo zinapalilia nini? Wanacheka, nami nacheka. Lakini ninyi wa rika langu, mliokulia katika vilima vya upande wa Keumbu miaka ile baada ya vita vikuu, mnajua kwamba nusu ya swali langu si mzaha.

Boma letu lilikuwa juu ya mteremko, migomba ikiwa imelizunguka pande tatu, na chini kabisa kulikuwa na kijito ambacho sauti yake tuliisikia asubuhi kabla ya ng'ombe kuamka. Aliyelitawala boma hilo alikuwa Magokoro. Ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Kigusii, na mimi sikuwahi kulijua jina lake jingine mpaka nikawa msichana mkubwa. Alikuwa mama wa baba yangu, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Bustani yake ya mboga ilikuwa nyuma ya nyumba, mahali palipokuwa zizi zamani, na wanawake wa ng'ambo ya kijito walikuwa wakisimama njiani kuitazama kama watu wanavyotazama harusi ikipita.

Alfajiri, kabla hajamsemesha mtu, Magokoro alipita kati ya mistari akiyagusa majani kwa mgongo wa vidole, kama mtu anayempima mtoto homa. Akitoka huko, sketi imelowa umande mpaka magotini, ndipo alipotusalimu. Jumamosi tu ndiyo hakushika jembe, kwa sababu Mama alikuwa amebatizwa kwa Wasabato naye Magokoro hakutaka ugomvi. Hata hivyo Jumamosi hiyo hiyo alikwenda kuitazama bustani, mikono nyuma, akisema kwamba kutazama si kazi.

Kila majira yalikuwa na utamu wake. Wakati wa jua kali, Januari, tulikusanya takataka kavu tukazichoma, na jivu lake tukalinyunyiza juu ya samadi tuliyobeba kwa vikapu ikiwa bado ya moto mgongoni. Mvua za kwanza zilipogonga ardhi, harufu iliyopanda ilikuwa tamu hivi kwamba ndugu yangu mdogo alipatikana mara nyingi akitafuna udongo. Mbegu za mboga zetu ni ndogo kama vumbi. Magokoro alizichanganya na mchanga mkavu, akazitawanya kwa mkono uliokunjuka polepole, nasi tulikatazwa hata kupiga chafya. Kisha ukaja muda wa kungoja, halafu asubuhi moja unakuta ardhi imeota unywele wa kijani, na nyumba nzima inaitwa kuja kuona.

Na michumo ya kwanza! Tulichuma ncha tu, shina likivunjika kwa mlio mdogo, tak, tak, mpaka kikapu kilichotandikwa jani la mgomba kikajaa. Tuliketi mlangoni tukichambua chinsaga, yaani mgagani, na managu, ambayo ni mnavu. Zilipikwa zikamwagiwa maziwa, chungu kikalala na mboga yake mpaka kesho, na kesho hiyo zililiwa kwa ugali wa wimbi mweusi wenye harufu ya moshi. Maboga yalipoanza kutoa vichwa, sisi watoto tuliyachora herufi kwa mwiba. Boga likakua, na herufi nayo ikakua, hata mwezi wa nane unalikuta boga kubwa kama mtungi limeandikwa K upana wa kiganja. K ya Kemunto, mimi mwenyewe. Hakuna daftari lililowahi kunipa fahari kama hiyo.

Basi mwaka mmoja, kiangazi kikiwa kinakaribia kwisha, baba mdogo alileta mke. Baba mdogo alifanya kazi ya reli Kisumu, na mke aliyemleta alikuwa Mjaluo wa kando ya ziwa, jina lake Akinyi. Alikuwa mrefu, mwenye mwendo wa kutulia, na hakujua neno hata moja la Kigusii. Baba mdogo alikaa kidogo tu, akajengewa nyumba ya nyasi chini kidogo ya ile ya Magokoro, kisha akarudi kazini na kumwacha bibi arusi mikononi mwa mama mkwe.

Mimi nilipelekwa kulala naye, kama ilivyokuwa desturi, asiwe peke yake. Nilikuwa darasa la pili, na Kiswahili changu kilikuwa cha maneno machache ya mwalimu. Chake kilikuwa cha sokoni Kisumu. Tukaviunga viwili hivyo tukapata kimoja kibovu kilichotutosha. Asubuhi ya kwanza Mama aliniagiza nimwite. Sasa, wasomaji wangu mnajua kwamba kwa Kigusii mama ndiye "baba", na baba ndiye "tata". Nikakimbia nikamwambia, "Baba anakuita." Maskini, akajua ni mkwe wake wa kiume. Alijifunga kitambaa kichwani, akajipangusa miguu, akaja ameinamisha uso mpaka chini, akapiga magoti uani. Alipoinua macho alimkuta Mama ameshika mwiko, akitaka tu kumpa uji. Walitazamana. Mama ndiye aliyeanza kucheka, na hicho kikawa kicheko cha kwanza cha Mama mdogo, ndivyo nilivyomwita Akinyi, katika boma letu.

Magokoro hakucheka. Alimkatia kipande cha ardhi nyuma ya nyumba yake mpya, akamwonyesha kwa jembe mwanzo na mwisho, kisha akaniambia, "Mwambie hiki ni chake. Msimu ukiisha tutaona kwao wanafundisha nini."

Hakumwonyesha zaidi ya hapo. Desturi ilikuwa bibi arusi ajionyeshe mwenyewe, na wanawake wa mtaa walikuwa wamekwisha kunoa ndimi. Jirani yetu Kwamboka alisema njiani, bila kupunguza sauti, kwamba mwanamke wa ziwa atapanda samaki na kungoja waote mikia.

Kitu cha kwanza alichokipanda Mama mdogo kilikuwa kunde, mbegu alizokuja nazo kutoka kwao zikiwa zimefungwa kwenye pindo la leso. Alizipanda chini, karibu na migomba, palipoonekana pana rutuba. Kwao ardhi ni ya joto. Kwetu, mahali pale jua hufika saa nne na kuondoka saa tisa, na maji ya mvua hutuama. Kunde ziliota, zikageuka manjano, zikaoza kwenye shina. Nilimkuta amechuchumaa pale, ameshika mche mmoja kiganjani.

"Hii udongo yenu iko na baridi kama mtu hapendi mgeni," aliniambia.

Nikamshika mkono nikampeleka kwenye bustani ya Magokoro, ambaye alikuwa amekwenda kijitoni, ili nimwonyeshe zilizokuwa zikistawi. Alisimama ghafla mbele ya mstari wa kwanza.

"Dek!" akasema.

"Hapana, ni chinsaga."

"Kwetu ni dek." Akasogea. "Na hii ni osuga. Na ile ni apoth."

Managu, nikasema. Na omotere, yaani mrenda. Tukazunguka bustani nzima tukizitaja, yeye kwa lugha yake na mimi kwa yangu, tukicheka kwa sauti kama watu waliokutana na ndugu safarini. Mboga zilikuwa zile zile! Mate yale yale mdomoni, maziwa yale yale juu yake. Nilikuwa nimedhani ameletwa kutoka dunia nyingine, kumbe mama yake alimkaripia kwa kuchuma majani yaliyozeeka kama Mama alivyonikaripia mimi.

Tulipogeuka, Magokoro alikuwa amesimama na mtungi kichwani. Sijui alikuwa pale tangu lini. Alipita akaenda kuutua. Lakini jioni ile kulikuwa na kibuyu kidogo kimewekwa mlangoni pa Mama mdogo, kimezibwa kwa gunzi, na ndani yake mbegu za chinsaga zilizochanganywa na jivu.

Tangu siku hiyo tulifanya kazi mimi na yeye kabla ya shule na baada ya shule. Alijua kulima, jamani. Aliinua matuta ili maji yasituame, akayafunika kwa majani makavu ya mgomba. Alipalilia kwa vidole, polepole, akiimba kwa lugha yake, nami nikajifunza nyimbo hizo bila kujua maana. Chinsaga zake zikapanda, zikapanuka, majani mapana yenye vumbi la fedha chini yake. Managu yakafuata, na maboga yakatambaa mpaka kwenye ua. Hata Mama alikuja kuomba aonyeshwe hayo matuta. Tulikuwa tumebakiza muda mfupi tu tuchume kwa mara ya kwanza, na Mama mdogo alikuwa amekwisha kusuka kikapu kipya kwa ajili ya kumpelekea Magokoro mchumo huo.

Alasiri moja kuku walikimbilia ndani bila kufukuzwa. Mbingu upande wa Nyamira ilikuwa imegeuka rangi ya jani bichi. Mlioishi kwetu mnajua maana yake. Mama alipiga kelele tuingie, na kabla hatujaufunga mlango mvua ya mawe ilishuka. Juu ya nyasi za paa ilikuwa mnong'ono tu, lakini kwenye majani ya migomba ilipasua kama risasi. Mama mdogo alikuwa ameona mawe kwao, madogo, ya kupita. Haya yalikuwa makubwa kama mayai ya njiwa, nayo hayakupita upesi. Alisimama nyuma ya mlango, kiganja juu ya kifua.

Yalipokoma, uwanja ulikuwa mweupe. Sisi watoto, kwa ujinga wetu, tulikimbia nje kuyaokota na kuyatia mdomoni. Kisha nikaisikia harufu, harufu kali ya majani yaliyopondwa, kama pale mganga anapotwanga dawa. Nikakimbilia nyuma ya nyumba. Matuta yalibaki na vijiti vilivyosimama uchi. Maboga yalikuwa yametobolewa. Kikapu kipya kilikuwa kimesahaulika nje, kimejaa barafu.

Bustani ya Magokoro nayo ilikwisha. Nilimwona amesimama katikati yake, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaona kwamba ni mzee.

Majirani walianza kutoka, kila mmoja akimpigia mwenzake kelele kuuliza amebakiwa na nini. Kwamboka alipanda mpaka uani petu, matope yakimfika vifundoni, akasema mbele ya watu wote, "Mawe ya namna hii hatujayaona. Tangu mgeni wa ziwa aingie hapa, mbingu imetukasirikia."

Alisema kwa Kigusii. Ila Mama mdogo alikuwa amekaa nasi vya kutosha kulisikia neno mgeni, na neno ziwa, na kuuona mkono uliokuwa ukimwelekea. Aligeuka akaingia nyumbani kwake. Nilipomfuata nilimkuta ametandaza leso kitandani, anapanga nguo zake.

"Mama mdogo, unafanya nini?"

"Naenda kwetu. Hapa nakula chakula ya watu na naletea wao njaa."

Nilikimbia kama ninayefukuzwa. "Magokoro! Mama mdogo anafunga mzigo!"

Magokoro aliingia jikoni kwake, akatoka na vibuyu vyake vya mbegu, vile vilivyoning'inia juu ya moto mwaka mzima vikiwa vyeusi kwa moshi, akateremka akapita mbele ya Kwamboka kana kwamba anapita mgomba. Akasimama mlangoni pa Mama mdogo, akasema kwa ile sauti yake iliyofika ng'ambo ya kijito:

"Mwaka nilioolewa mimi mawe yalianguka yakaua ndama. Nani alilaumiwa? Mimi. Walisema nimekuja na mkosi kutoka kwa baba yangu. Nililia, nikamtazama mama mkwe wangu aseme neno moja tu. Hakusema. Nilimngoja mpaka akafa." Akavuta pumzi. "Basi mimi nasema. Mawe hayakuletwa na mtu." Kisha akanigeukia. "Mwambie kwa hicho Kiswahili chenu."

Nikasema, "Magokoro anasema mawe haikuletwa na mtu. Anasema usiende."

"Na mimi nimesema nini juu ya kwenda?" Magokoro akauliza kwa ukali, maana alikuwa anakisikia Kiswahili zaidi ya alivyojionyesha.

Mama mdogo, machozi yakimtiririka, aliangua kicheko.

"Haya," Magokoro akasema. "Na hilo pia limo. Mwambie."

Pale pale mlangoni alikaa chini, akafungua vibuyu kimoja kimoja, akagawa kila mbegu nusu kwa nusu. Alipomaliza alinyoosha kiganja. "Na zile za kwenu, zilizooza, hukubakiza?"

Mama mdogo alitafuta kwenye pindo la leso, akatoa kunde alizokuwa ameziweka akiba. Magokoro alizigeuza mkononi. "Hizi tutazipanda kule juu kwenye miamba, jua linakokaa mpaka jioni. Ulizizamisha penye baridi. Nilikuona, nikanyamaza nikisema ajifunze. Sikufanya vizuri."

Kesho yake tulilima sote, Mama, Magokoro, Mama mdogo na mimi, mawe mengine yakiwa bado hayajayeyuka chini ya migomba. Kunde zilipandwa kati ya miamba, kila moja kwenye kishimo chake chenye samadi. Miamba ile hushika joto la mchana kama chungu. Zikaota kwa hasira! Wakati mboga za mtaa mzima zilikuwa bado ni unywele ardhini, sisi tulikuwa tunachuma majani ya kunde, nayo kadiri ulivyoyachuma ndivyo yalivyozidi. Tulikula, tukagawa. Watoto wa jirani walitumwa kwetu na vikapu, wakarudi navyo vimejaa.

Kwamboka alikuwa wa mwisho kuja. Alisimama nje ya ua, kikapu amekificha nyuma. Mama mdogo alimwona, akaenda, akakichukua kile kikapu, akakijaza, akaweka na konzi ya mbegu juu. Kisha kwa Kigusii alichokuwa amekikusanya kidogo kidogo akamwambia, "Panda juani." Siku ya pili kikapu kilirudi kikiwa na mkungu mdogo wa ndizi mbivu, na Kwamboka mwenyewe ndiye aliyekileta.

Baba mdogo alipopata likizo alifika bila kutuma habari. Alisikia ugomvi jikoni kwa Magokoro: wanawake wawili, kwa Kigusii cha haraka, wakibishana kama maziwa humwagwa kabla mboga haijapoa au baada. Akachungulia, akamwona mama yake na mke wake, kila mmoja na mwiko. Alibaki mlangoni na sanduku lake mkononi. "Nilimwacha mke hapa," akasema, "sasa nimekuta mama wawili." Magokoro akamwambia aache upuuzi, akachote maji.

Mama mdogo Akinyi aliishi nasi maisha yake yote. Alizaa watoto sita kwenye nyumba ile, na ile K ya maboga aliifanya A, na M, na kila herufi ya kila mtoto wa boma, maana alikuwa amenigeuza mwalimu wake wa kusoma. Magokoro alipougua ugonjwa wake wa mwisho alikataa chakula cha kila mtu isipokuwa managu yaliyopikwa na mkaza mwana wake wa ziwa. Na mimi nilipoolewa Nyamira, nilikwenda na sanduku la nguo kama wasichana wote, lakini Mama mdogo alinifungia mbegu kwenye pindo la leso, kwa fundo lake mwenyewe.

Leo ukipita kwetu utaona majani ya chai yamepanda mpaka mlangoni. Ardhi imegawanywa kwa wana na wana wa wana, hata ng'ombe akitaka kugeuka lazima aombe ruhusa kwa jirani. Sisemi ni vibaya. Chai imesomesha watu, na nyumba zetu sasa ni za mabati na matofali. Lakini mboga huja na bodaboda kutoka sokoni, zimefungwa kwenye mfuko, zimenyauka shingo, na kijana wa miaka ishirini anazichemsha dakika tano, anatia unga wa viungo wa pakiti, kisha analalamika kwamba chinsaga ni chungu. Wakati mwingine huzipiga picha kwanza. Nikimwuliza zilipandwa mwezi gani, ananitazama kama niliyemwuliza umri wa mwezi wenyewe.

Juzi mjukuu wangu, mvulana mwema sana, alinikuta nimeinama nyuma ya nyumba, mkono kiunoni. Akaniambia, "Nyanya, mbona unajitesa? Mimi nina pesa, nitakununulia."

Nilijinyoosha polepole, kama unavyojinyoosha ukishapita miaka themanini. Nilimshukuru, maana moyo wake ni mzuri. Kisha nikamwambia ukweli ambao nataka na ninyi wa rika langu mwuseme kwa wenu. Nimenunua chumvi maishani mwangu, na sabuni, na viberiti, na vitabu vya shule vya watoto tisa. Managu sijanunua hata siku moja. Na aliyekuja kwangu na kikapu kitupu hakurudi nacho kitupu. Siku ya mazishi yangu wakisema hayo mawili tu, watu waketi, wale, waende nyumbani.